Gitaa la Upande wa Kushoto

Nilianza kwa kulaumu waya. Nilikuwa jikoni namenya viazi, hedifoni zangu za kununuliwa kando ya barabara zikiwa kichwani, nikasikia upande wa kushoto umefifia. Nikaukunja waya, nikaukunjua, nikaubana kwa kidole pale unapoingia kwenye simu, kama tufanyavyo sote tusiotaka kununua kitu kipya. Wapi! Nikazipiga kwenye paja. Nikazivua, nikazipuliza vumbi, nikazivaa tena. Mwishowe nikaziacha vivyo hivyo, upande mmoja ukiimba na mwingine ukinong'ona, nikaendelea kumenya.

Nilikuwa nimechoka, na mtu aliyechoka hafanyi uchunguzi, hutafuta wa kulaumu. Mimi ni karani wa shule hapa Kaaga. Asubuhi nzima napokea wazazi dirishani, kila mmoja na shida ambayo amehakikishiwa na mtu fulani kwamba dawa yake ninayo mimi. Mchana ni simu. Alasiri barua ile ile niliyoipiga chapa jana inarudi ipigwe upya kwa sababu mkubwa fulani amebadilisha mawazo. Jioni natembea kwenda nyumbani na manyunyu ya Meru yananisindikiza, nikifika nakuta gunia la viazi linanitazama. Mume wangu ni mzaliwa wa Kibirichia, na nyumba ya mtu wa Kibirichia inaweza kukosa chumvi lakini si viazi. Watoto wetu ni watu wazima, kila mmoja na mji wake. Kwa hiyo saa ile ya kumenya ilikuwa yangu peke yangu. Sikuwa na likizo nyingine.

Nilisikiliza nyimbo nyingi katika saa hiyo, lakini ulionipumzisha hasa ulikuwa mmoja, wa zamani, wa magitaa mawili. Gitaa la kwanza liko kulia, linauliza. La pili liko kushoto, linajibu, na halijibu moja kwa moja. Linazunguka kwanza, kama mzee aliyeulizwa habari za mavuno akaanzia kwenye mvua. Mwimbaji mwenyewe si kitu, anaimba kama mtu anayetafuta viatu vyake. Nilichokipenda tangu utotoni ni yale majibu ya kushoto. Na hayo ndiyo yaliyokuwa yakipotea.

Wimbo huo niliujulia kinuni. Baba alikuwa na kinu cha kusaga nafaka kule Kiritiri, chini kwenye joto la Mbeere: kibanda cha mabati, injini ya dizeli, na foleni ya akina mama na mifuko yao ya mahindi, mtama na wimbi. Ndani ya kibanda kile hukuweza kumsikia mtu hata akikupigia kelele sikioni, kwa hiyo hakuna aliyejisumbua. Tulizungumza kwa mikono. Ukisugua kidole gumba na cha shahada, unataka unga laini. Ukikunja ngumi na kuifungua, unataka chenga za kuku. Viganja viwili vikishuka polepole, zima injini. Yaliyobaki tuliyasoma midomoni. Kila likizo nilisimama mahali pale pale alipozoea kusimama baba, mikono kwenye mdomo wa gunia, sikio la kushoto kwenye injini. Hadi leo naweza kusoma mdomo wa mtu aliye ng'ambo ya barabara. Nilikuwa nikijivunia hilo kuliko cheti changu cha ukarani.

Jioni injini ikizimwa, baba alitoa redio kaseti yake yenye spika mbili za kubanduka, akaweka moja huku na nyingine kule, akafungulia sauti hadi mwisho. Kisha akakaa ameinamisha kichwa upande. Majirani walisema anaringa. Mama alikaa karibu naye akipepeta. Nakumbuka kigoda chake kilikuwa kushoto kwa baba, halafu siku moja kikahamia kulia na hakikurudi tena. Nilidhani anakimbia moshi.

Wewe unayesoma huenda umeshaelewa. Mimi ilinichukua muda, na sioni haya kusema hivyo, kwa sababu mtu aliyelelewa kinuni hagundui upesi kwamba hasikii. Mikono inasema, midomo inasema, sikio linabaki kama mgeni wa heshima ambaye hakuna anayemuuliza chochote. Simu ya ofisini niliipokea kwa sikio la kulia, nikidhani ni mazoea tu. Mzazi akizungumza dirishani nilimtazama mdomo, naye akaniona karani mwenye adabu.

Basi nikanunua hedifoni nyingine, za rangi nyekundu. Kushoto kukanong'ona vile vile. Nikavitukana viwanda vya siku hizi, nikasema wanatengeneza upande mmoja vizuri na wa pili wanaukimbiza kwa sababu ni Ijumaa. Mume wangu aliniuliza ninatukana nani. Nikamwambia, Wachina. Akatikisa kichwa, akaenda kutazama ng'ombe.

Kisha ikafika zamu yangu ya kupokea pesa za chama. Chama chetu cha wanawake kina sheria moja kali kuliko za serikali: ukipokea zamu yako, unanunua kitu cha kuonekana, na Jumamosi inayofuata wenzako wanakuja kukiona kwa macho na kunywa chai juu yake. Sheria hiyo tuliitunga tulipochoka kuona zamu zetu zikiyeyuka kwenye karo na mbolea. Aliyenitangulia alinunua tanki la maji. Kabla yake kulikuwa na sufuria kubwa za sherehe, na kabla ya hizo blanketi nzito ambazo tulizipapasa moja moja kama tunapokea mahari. Mimi nilijua nilichotakiwa kununua. Kochi letu lilikuwa limetoboka, na wote walikuwa wamelikalia wakalijua.

Nikapita mbele ya duka la viti bila kugeuza shingo. Nilikwenda katika duka la vifaa vya sauti huko mjini, moja lenye spika mlangoni inayotikisa hadi meno. Muuzaji alikuwa mwanamume wa makamo mwenye ndevu nadhifu, akanionyesha hedifoni nyeusi, pana, zenye mito laini ya kufunika sikio lote.

"Mathe, hizi si za kubahatisha," akasema. "Ukivaa hizi hata ukiitwa mbinguni hutasikia."

"Kushoto ni kuzuri?"

"Kulia, kushoto, kote kuko fiti. Jaribu."

Nikajaribu. Pale dukani na ile spika ya mlangoni sikuweza kupima lolote la maana, lakini besi niliisikia hadi kwenye mifupa ya shingo, na nikaamua kuwa huo ni ushahidi wa kutosha. Nilipomwambia kushoto kunaonekana kuzembea kidogo, hakushtuka. Alisema hedifoni nzuri huwa zimekaza zikiwa mpya, kama viatu, na zinahitaji kuchezewa muziki kwanza ndipo zifunguke. Jibu hilo lilinifurahisha sana. Lilikuwa jibu la mtu anayeuza, nami nilikuwa mtu anayetaka kununua.

Lazima niseme ukweli: zilikuwa nzuri. Jioni ile nilizivaa jikoni, na wimbo ule niliousikia maisha yangu yote ukawa mwingine. Nilisikia kidole kikiteleza kwenye uzi. Nilisikia mwimbaji akivuta pumzi kabla ya ubeti. Mahali fulani katikati kuna kiti kinalia, mtu alikuwa amejigeuza akiwa amekaa, na hakuna aliyemkemea. Miaka yote hiyo kiti kile kilikuwa kikilia na mimi sikujua. Niliacha viazi, nikakaa juu ya gunia. Lakini hayo yote yalikuwa kulia. Kushoto kulikuwa na mnong'ono tu, mwembamba, kama redio ya jirani ukiwa umefunga madirisha.

Nikakumbuka maneno ya muuzaji, nikaamua kuzifungua. Kila asubuhi kabla ya kwenda kazini nilizichomeka kwenye simu yangu ya zamani, nikazifungia kabatini zikiimba peke yao kutwa nzima. Siku moja mume wangu aliingia chumbani kutafuta sweta akakuta kabati linaimba. Niliporudi alikuwa amekaa nje.

"Mama, ile kabati yako iko na kwaya," akaniambia.

Nikamweleza kwamba hedifoni zinafunguka. Akanitazama kwa muda, akaonekana kama mtu anayetaka kusema neno, halafu akaniuliza kama chai iko. Nami nikaingia ndani, nimechoka, nikaweka maji motoni.

Jumamosi ya chama ilifika kabla ya kushoto kufunguka. Wanawake walijaa sebuleni, wengine kwenye kochi lile lile lililotoboka, na walipomaliza kusali mwenyekiti wetu akasema ninyanyue pazia wakione kitu. Mwenyekiti ni mama mnene mwenye duka la nyama pale sokoni, na macho yake yamezoea mizani. Nikatoa hedifoni kwenye sanduku lake. 

"Karani, hii ni nini tena?" akauliza. "Zamu yote umeweka kwa kichwa?"

"Tulidhani mtu wa Kiritiri atatuonyesha mbuzi," mwingine akadakia.

Wakacheka hadi chai ikamwagika. Waliuliza kama hedifoni zinapika, kama zinashika mvua, kama mume wangu alijua au atajulia kanisani. Nilikuwa nimejiandaa kwa hayo. Nikasema, vaa kwanza ndipo unicheke. Mwenyekiti akazivaa juu ya kitambaa chake cha kichwa, nikamwekea ule wimbo, nikasimama na birika mkononi.

Alifumba macho. Kisha akaanza kupiga kelele, kama apigavyo kila mtu aliyezibwa masikio.

"Kai! Kumbe wako wawili!" Akanyoosha kidole kulia kwake. "Huyu anauliza." Akakipeleka kushoto. "Na huyu anamjibu! Wacha! Huyu wa huku ni mjeuri, sikieni vile anamjibu mwenzake!"

Bila shaka hatukusikia kitu, lakini tuliona. Kidole kilikwenda kulia, kikarudi kushoto, kulia, kushoto. Wa pili akampokonya, akazivaa, na baada ya muda kidole chake kikaanza safari ile ile. Wa tatu hivyo hivyo. Kila mmoja alipofika kwenye jibu, kidole kilikwenda kushoto na uso ukafunguka. Wakasahau kochi, wakasahau mbuzi, wakaanza kugombania zamu ya kuvaa. Wimbo ulisemwa mbele yangu kwa mikono, kama tulivyosema kila kitu kule kinuni, na mimi ni mtu ninayejua kusoma mikono. Niliyasoma majibu yote. Hedifoni hazikuwa na neno.

Niliogopa. Niliendelea kumimina chai, nikacheka walipocheka. Niliwaombea waondoke, Mungu anisamehe, wanawake ninaowapenda.

Walipokwenda sikuosha hata kikombe. Nilikaa kwenye kochi nikazivaa hedifoni kinyume, upande wa kushoto nikauleta kulia. Na gitaa la pili likaja. Lilikuja zima, karibu kabisa, na ujeuri wake wote, lile lile la jioni za baba. Sikuwa nimelisikia hivyo sijui tangu lini. Nikafurahi kwa muda wa pumzi moja, halafu nikagundua kwamba la kwanza limeondoka. Limekwenda upande uliokufa. Lililobaki lilikuwa linajibu, linajibu, na maswali siyasikii. Nikazigeuza tena, nikapata maswali bila majibu. Niligeuza na kugeuza kama mwendawazimu. Halafu nikalia, si kwa sauti, kwa sababu nilikuwa nimechoka hata kulia.

Baadaye mmoja wa watoto wangu alinionyesha kwa simu mahali pa kubonyeza ili sauti za pande zote zije kwenye sikio moja. Inafanya kazi. Magitaa yote mawili yanakuja kulia yakibanana kama watu kwenye mlango, na huwezi kujua nani ameuliza. Nilishukuru nikaiacha hivyo, kwa sababu nusu shari kuliko shari kamili. Lakini hayo yalikuja baadaye.

Wiki iliyofuata nilimwambia mume wangu ninakwenda kupimwa sikio. Akasema atanisindikiza. Nilikuwa mlangoni nikivaa koti ndipo nikaona kwamba hakuuliza ni sikio lipi.

Kliniki ilikuwa huko mjini, benchi refu na watu wachache. Mume wangu alisubiri nikae, kisha akakaa kulia kwangu. Nilipoitwa, daktari, dada mpole mwenye sauti ya chini, aliniingiza katika kijumba kidogo kilichozibwa kelele, na nikataka kucheka: alinivisha hedifoni. Zilikuwa nzuri kuliko zangu. Aliniambia niinue mkono kila nikisikia mlio, halafu akanigeuzia mgongo, nisiweze kumsoma. Kulia mkono ulipanda na kushuka kama wa mtoto mwerevu darasani. Kisha ikafika zamu ya kushoto. Nikajua ni zamu ya kushoto kwa sababu dunia ilinyamaza na mkono wangu ukalala pajani. Niliutazama ule mkono. Nilitamani kuuinua tu, nidanganye.

Aliniuliza kama nimewahi kufanya kazi penye kelele. Nikamweleza habari za kinu. Akasema mishipa ya sikio ikishachoka hairudi, kwamba kuna kifaa cha kuvaa ambacho kingesaidia kiasi, na kwamba sasa nilitunze la kulia, nipunguze sauti ya muziki. Alisema yote hayo akinitazama, midomo wazi, polepole. Alikuwa ameshajua jinsi ya kusema nami.

Tukatoka nje. Mvua ilikuwa imekatika, barabara ina matope pembeni. Mume wangu alikuwa amebeba mfuko wangu, na tulipoanza kutembea alijikuta yuko kushoto kwangu kwa sababu ya dimbwi. Tulipolivuka dimbwi akapunguza mwendo, akanipisha, akazunguka nyuma yangu, akatokea kulia. Alifanya hivyo bila kufikiri, kama mtu anavyofunga lango. Na nikaona amefanya hivyo jana pia, na kanisani, na njiani kutoka sokoni, na kitandani, ambako upande wake wa zamani ulikuwa ukutani na siku hizi ni mlangoni, tangu aliponiambia anahitaji kuamkia ng'ombe. Nikakikumbuka kigoda cha mama.

Nikasimama katikati ya njia. Nilikuwa na hasira, hasira ya kweli, ya mtu aliyenunua hedifoni mara mbili na kuzifungia kabatini ziimbe.

"Umejua tangu lini?"

Hakujifanya haelewi. Akahamisha mfuko mkono mwingine.

"Kitambo. Tangu uanze kunijibu vitu sijauliza."

"Na ukaniacha tu? Mbona hukuniambia?"

"Nilikuambia, mama," akasema. "Tulikuwa tumekaa hapo jikoni, mimi nikiwa ule upande wako wa kushoto. Nikakuambia pole pole, nisikuumize roho, hilo sikio halisikii vizuri, twende hospitali. Ukaniambia viazi vimeiva."

Akatazama matope kidogo.

"Sasa ningesema nini? Nikala viazi. Halafu nikahama."